Baada ya Mavuno

Majimoto hatuna duka la vitabu vya zamani, ila tuna mnada. Ukifika mitumba imeshamwagwa kwenye turubai, ukawa na subira ya kupangua suruali zisizo na zipu na viatu vya mguu mmoja, chini kabisa unaweza kukuta kitabu. Muuzaji mwenyewe hajui kimefikaje. Hapo niliwahi kununua nakala ya *Mzimu wa Watu wa Kale*, riwaya ya Muhammed Said Abdulla ya mwaka 1960. Bwana Msa, mpelelezi wake mwenye kiko, akanisogeza mpaka mlangoni kwa muuaji, kisha kitabu kikaishia hapo. Kurasa za mwisho zilikuwa zimeshafungia karanga. Tangu siku hiyo kila anayeuza karanga namwona kama mshukiwa.

Ndiyo maana mnada uliopita, mimi na mama muuza karanga tuliposhika kitabu kimoja kwa wakati mmoja, sikuachia. Yeye alitoa mia tano. Mimi nikatoa elfu moja. Akaniangalia kama mtu aliyepandisha bei ya vifungashio makusudi, akaenda zake.

Kilikuwa kitabu cha kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Wazee wanaikumbuka. Kwa wiki 12 watu karibu milioni mbili nchi nzima walikaa vikundi vikundi kusikiliza Radio Tanzania. Kiongozi wa kikundi alisoma kitabu kwa sauti, wakajadili malaria, kichocho na minyoo, kisha wakashika majembe kuchimba vyoo. Nilikipeleka moja kwa moja kijiweni, kwenye kahawa, nikawasomea waliokuwepo habari za choo kwa sauti ya mtangazaji. Watu wakacheka. Kicheko cha watu ni kileo. Nilipomaliza choo, nikafungua jalada la nyuma.

Kumbe kiongozi wa kikundi alikuwa pia mkopeshaji. Jalada lote lilikuwa limejaa penseli: nani kachukua nini, atalipa lini. Nikaendelea na sauti ile ile ya redioni:

“Mama Mapacha, kuku mmoja, amelipa. Kinyozi, sukari nusu kilo, amelipa. Fundi Baiskeli, mpunga debe tatu, atalipa baada ya mavuno.”

Nikasubiri kicheko. Hakikuja. Mtu mmoja akakohoa. Mwingine akaanza kuchunguza kikombe chake kana kwamba kuna maandishi ndani. Taratibu nikageuza shingo. Mwisho wa benchi, amekaa wima na fimbo yake katikati ya magoti, alikuwa Fundi Baiskeli mwenyewe. Baba mkwe wangu.

Sasa elewa hali yangu. Huyu ni mzee ambaye nikimwona njiani huwa napisha hadi vichakani. Na ni huyu huyu ambaye kwa miaka sita, kila nikimwamkia, baada ya “marahaba” huongeza, “Mwanangu, dawa ya deni ni kulipa.” Katika mahari ya binti yake nimebakiza ng'ombe mmoja.

“Lete hicho kitabu,” akasema.

Nikampelekea kwa mikono miwili. Akatoa miwani, akaifuta kwa kanzu, akavaa, akasoma mstari wake polepole mara mbili. Kijiwe kizima kilikuwa kimeacha kunywa.

“Imeandikwa *baada ya mavuno*,” akasema hatimaye. “Haikuandikwa ya mwaka gani.”

Hapo kicheko kikaja, na mzee akaondoka na kitabu changu kwapani. Usiku huo mke wangu hakucheka hata kidogo. Alitaka kujua kama kuna kitu kingine nilichopanga kumsomea baba yake hadharani.

Mpunga ulipovunwa, nikasikia habari kwa jirani kabla sijaisikia nyumbani: mzee alikodi bodaboda, akapakia gunia, akaenda kwa mjane wa yule kiongozi wa kikundi. Walipima debe tatu mbele ya wajukuu. Bibi alikuwa hana habari ya deni lolote. Akaongezewa na debe la nne, la pole kwa kusubiri.

Jioni yake mzee akaja kwangu kurudisha kitabu. Nilimkaribisha kiti, akakataa, akasema alikuwa anapita tu. Alipokwisha kutokomea nikafungua jalada la nyuma. Mbele ya mpunga debe tatu aliandika “amelipa”. Chini yake palikuwa na mstari mpya, penseli bado inang'aa:

“Mkwe, ng'ombe mmoja, atalipa baada ya mavuno.”

Safari hii aliandika na mwaka.