Mwaliko wa Pekee wa Mwaka wa Barakoa

Kufikia katikati ya mwaka 2020 ukarimu ulikuwa umekwisha duniani. Harusi zilifungwa kwa Zoom, matanga yakahudhuriwa kwa simu, na sisi watu wa Afrika Mashariki tunaoishi Texas, ambao hatujawahi kukosa sababu ya kuchoma nyama, tulikuwa tukiachiana sufuria mlangoni na kukimbilia magari. Katika ukame huo ilibaki roho moja tu yenye moyo wa kukaribisha watu, nayo ni barua ya wito wa juri. Wengi wameitukana, na mimi nimeitukana kwa lugha tatu. Leo naisifu.

Msomaji aliye Kisumu, ambako jaji hukata kesi mwenyewe, astahimili maelezo mafupi. Hapa Marekani, Marekebisho ya Sita ya Katiba, ya mwaka 1791, yanampa mshtakiwa wa jinai haki ya kusikilizwa haraka, hadharani, mbele ya juri isiyoegemea upande. Juri ni raia wa kawaida, 12 kwa kosa zito na mara nyingi 6 kwa kosa dogo: fundi bomba, mwalimu, muuza magari na, kompyuta ikiamua hivyo, mimi. Majina huokotwa kwenye orodha ya wapiga kura na ya wenye leseni za udereva. Ukichaguliwa barua inakuja, na ukiipuuza kuna faini.

Sasa tuutazame ukarimu wake, maana ni wa ajabu. Mahakama zilikuwa zimesimamisha kesi za juri Machi 2020, kisha zikaanza kuzirudisha taratibu huku maofisa wa afya bado wakitusihi tusikusanyike. Barua haikusikia habari hizo. Ilisema njoo asubuhi, usichelewe, ukae na watu usiowajua, mpumue pamoja mpaka haki ipatikane. Mjomba wangu wa damu hakuthubutu kunialika hata chai ya barazani. Kaunti, ambayo hatujawahi kusalimiana nayo, ilinitaka chumbani.

Wala haikutukaribisha popote tu. Huko Houston, ambako mafuriko ya kimbunga Harvey ya 2017 yaliharibu majengo ya mahakama, wito wa 2020 uliwapeleka raia NRG Arena, katika viwanja vinavyojulikana kwa rodeo na maonyesho ya mifugo. Wapo waliocheka. Mimi naona hekima. Kazi ya kwanza ya mawakili ni kuwakagua wajumbe wa juri mmoja mmoja, kuuliza wametoka wapi na wana tabia gani, kisha kuwatenga wasiowataka. Ni wapi pengine Texas ambapo kazi hiyo imefanywa kwa ustadi na kwa miaka mingi zaidi?

Kwa mwenye hofu ya kutoka, mwaliko ulimfuata sebuleni. Mei 2020 mahakama ya Kaunti ya Collin ilijaribu juri kwa Zoom, katika shauri ambalo uamuzi wake haukuwafunga wahusika. Wakati wa mapumziko mjumbe mmoja aliondoka mbele ya kamera kwenda kupokea simu, na jaji akabaki anaita jina hewani. Agosti mwaka huohuo Kaunti ya Travis ikaendesha kwa njia hiyo kesi ya jinai kamili, ya dereva aliyedaiwa kwenda mbio barabarani. Uhuru wa mtu haukuwa hatarini, namshukuru Mungu, maana najua ninavyokuwa kwenye mikutano ya Zoom: kamera imezimwa, maharage yako jikoni.

Na mgeni alikirimiwa nini? Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Texas ililigeuza fundisho hilo. Siku ya kwanza ulipewa jembe, yaani dola 6, na ukivumilia hadi ya pili malipo yakapanda hadi dola 40, ili yule mwenye subira aonje matunda yake. New Jersey ilikuwa bahili zaidi: dola 5 kwa kila moja ya siku tatu za mwanzo. Mahakama za shirikisho ndizo zenye heshima kidogo, dola 50 kwa siku. Hizo 6 hazikutosha kuegesha gari katikati ya mji, lakini nani huenda karamuni kutafuta faida?

Barua ina sifa nyingine ambazo nitazitaja nikipita. Haina kinyongo: ukiitupa, inarudi na dada yake mwenye maneno makali. Haichoki kubuni tahajia za jina langu. Na haina ubaguzi hata kidogo, kwani wakati mwingine humwita hata jirani ambaye si raia, aliyesubiri karatasi zake za uhamiaji mpaka akazeeka. Ikulu nzima haimtambui, barua inamwambia Taifa linakuhitaji. Inambidi kuirudisha na kukiri kwa maandishi kwamba yeye si raia. Uchungu huo sidhani kama aliyetunga fomu aliufikiria.

Sifa zingeendelea, lakini nimekumbuka mwajiri wangu wa wakati ule. Sheria ya Texas inamkataza mwajiri kumfukuza mtu kwa sababu ya juri, ila haimlazimishi mwajiri binafsi kumlipa kwa siku alizokuwa huko. Bosi, ambaye mezani pake palikuwa na bendera ndogo, aliniambia anajivunia sana wajibu wangu wa kiraia na kwamba ningekatwa mshahara. Shule zilikuwa zimefungwa. Watoto walikuwa nyumbani wakisomea kwenye tableti moja waliyopokezana. Mnaita jambo hili nguzo ya uhuru, mnaliimbia kila Julai, halafu mnaliweka mgongoni mwa mtu anayelipwa kwa saa, mnampa dola 6 na barakoa ya karatasi! Mwenye mshahara wa mwezi alikwenda akarudi bila pengo. Anayebeba mizigo kwenye ghala aliomba asamehewe, na wala simlaumu.

Ninaowalaumu ni wengine, na nitawapata kwenye kundi letu la WhatsApp.

Barua zilipoanza kutua, kundi hilo liligeuka chuo cha udhuru. Kulikuwa na somo la kupoteza uwezo wa kunusa kwa siku inayotakiwa. Kulikuwa na somo la kumwambia jaji kuwa polisi wote ni waongo, au kwamba polisi hawajawahi kukosea, lolote litakalokuondoa haraka. Mhadhiri mkuu alikuwa bwana mmoja wa makamo, msemaji wetu katika kila harambee, ambaye nimemsikia akigombana na mhudumu wa benki kwa Kiingereza cha puani kilichonyooka hadi meneja akatoka. Somo lake lilikuwa: sema hujui Kiingereza. Alilitumia mwenyewe, likafaulu, akapongezwa kwa vikaragosi vya makofi.

Sisemi wote walidanganya. Aliyekuwa na mama mwenye kisukari chumbani alikuwa na haki ya kuogopa, na majaji wengi waliwaachia watu kama hao bila maneno. Lakini ukiwaondoa wagonjwa, wauguzaji, vibarua na walaghai, nani alibaki kuamua? Wazee wastaafu, wenye nafasi, na yule aliyeamini corona ni hadithi ya televisheni. Hao ndio waliopewa hatima ya vijana wa watu.

Wakati huohuo kulikuwa na watu waliokuwa wakiisubiri barua hiyo kuliko sisi tulivyoikimbia. Jela za kaunti za Marekani zimejaa watu ambao wengi wao hawajahukumiwa. Wako rumande, mara nyingi kwa kukosa pesa za dhamana. Juri ziliposimama, wao hawakuondoka. Hakukuwa na nafasi ya kukaa mbali na mwenzako kwenye bweni la jela. Neno “haraka” la mwaka 1791 lilinyooshwa mwezi baada ya mwezi, na mtu aliyekataa kosa alikuwa na njia moja fupi ya kutoka, ambayo ni kulikubali.

Kundi lilikuwa na maoni juu ya haki mahakamani pia. Machi na Aprili 2021, kesi ya Derek Chauvin, polisi aliyeshtakiwa kwa kumuua mtu mweusi mtaani, ilipoonyeshwa moja kwa moja kutoka Minneapolis, viti vikiwa vimetenganishwa, kila mmoja wetu aligeuka mjumbe wa juri kwenye kochi lake. Tulihoji mashahidi, tukapinga pingamizi, tukatoa hukumu kabla ya chakula cha mchana. Bwana wa Kiingereza cha puani aliandika, kwa herufi kubwa, kwamba mahakama za nchi hii hazina watu wanaofanana nasi. Miongoni mwa wale 12 wa Minneapolis alikuwemo mhamiaji mweusi. Alipata barua, akajaza maswali, akaenda. Inaelekea Kiingereza chake hakikupotea siku hiyo.

Nisingekereka kiasi hiki kama tungekuwa watu wasio na historia. Katika koloni la Kenya, juri ilikuwa ya Wazungu. Mwafrika aliyeshtakiwa Mahakama Kuu aliwekewa wazee wa baraza, ambao walisikiliza hadi mwisho, wakatoa maoni yao, na maoni hayo hayakumfunga jaji. Alikuwa huru kuwashukuru na kuamua kinyume. Uhuru ulipokuja wazee walibaki hadi Kenya ilipowaondoa mwaka 2007. Babu zetu waliketi pale kwa kanzu safi, wakijua kwamba neno lao ni la adabu tu. Wajukuu tumeletewa kwa posta neno lisiloweza kupuuzwa na jaji, na tunaulizana ni dawa gani inayoondoa uwezo wa kunusa kwa asubuhi moja.

Mimi nilikwenda, kwa kunung'unika na kwa kuchelewa. Tulikaa tukiwa tumetenganishwa kwa tepu za rangi sakafuni. Karibu nami alikuwa bibi mmoja mwenye barakoa mbili, aliyetangaza kwa kila mtu kuwa amepita miaka 70 na kwamba sheria ilimruhusu kubaki nyumbani, lakini amechoka na paka wake. Kabla ya adhuhuri karani alitoka akasema wahusika wamepatana, hakuna kesi, asanteni kwa kutumikia. Kisha tukagawiwa fomu moja ya mwisho. Sheria ya Texas inataka kila mjumbe apewe nafasi ya kutoa malipo yake kama mchango kwa mifuko ya hisani. Bibi alitoa zote 6 bila kusita. Mimi niliisoma risiti ya maegesho mara mbili, nikaweka alama penye “hapana”, nikakandamiza kalamu mpaka karatasi ikatoboka.