Namna ya Kukamata Chakula Kinachojifanya Kitakatifu

Chipsi mayai hazijawahi kumdanganya mtu. Anayeziagiza anajua anachokifuata, na soda ya kuteremshia anaijua pia. Wa kufuatiliwa ni wale wenye sifa njema mtaani: juisi ya matunda, mkate wa brauni, mafuta "yasiyo na kolesteroli", asali, yogati na uji wa lishe. Hao tunawapa watoto na wagonjwa kwa moyo mweupe, tena bila kuwauliza hata swali moja. Basi tuwahoji, mmoja baada ya mwingine.

Kwanza, mbane juisi. Simama kwenye meza ya muuzaji uhesabu machungwa yanayokamuliwa mpaka glasi ijae: matatu, pengine manne. Ungeyala kwa kumenya, la pili lingekutosha. Hapa makapi yenye nyuzinyuzi yanatupwa ndooni na sukari yote inashuka kwenye glasi. Glasi ya mililita 250 ina zaidi ya gramu 20 za sukari, sawa na vijiko vitano vya chai, kabla muuzaji hajachota kwenye kopo lake. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2015 unaiweka sukari ya juisi kapu moja na ya soda, na unashauri mtu mzima asizidishe gramu 50 hivi kwa siku. Akiishia 25, bora zaidi. Hukumu: kula chungwa, kunywa maji.

Pili, mvue mkate rangi. Geuza mfuko usome viambato. Huandikwa kwa kufuata uzito, kilicho kingi kikitangulia. Ukiona unga wa ngano pasipo neno lolote la ngano isiyokobolewa, na chini yake karameli, huo ni mkate mweupe uliotiwa rangi. Umeulipia ubrauni tu.

Tatu, yaulize mafuta yanajisifia nini. Kolesteroli hutoka kwa wanyama. Alizeti, pamba na mawese hazikuwa nayo tangu shambani, kwa hiyo kujisifu kwamba haimo ni sawa na samaki kujisifu kwamba hana manyoya. Uliza kuhusu mafuta yaliyoshiba, yale yanayopandisha kolesteroli mwilini: kwenye mawese yanakaribia nusu, kwenye alizeti ni kama sehemu moja ya kumi. Kisha kumbuka kwamba kijiko kimoja kikubwa cha mafuta yoyote kina kalori zipatazo 120. Ukimimina moja kwa moja kutoka kwenye dumu, hujui umemimina vijiko vingapi.

Nne, usiwaonee haya asali na yogati. Asali ni sukari kwa takriban asilimia 80, na mtoto ambaye hajatimiza mwaka asilambishwe kabisa, kwani inaweza kubeba vijidudu vinavyomletea sumu ya kupooza misuli. Kwenye yogati tafuta sukari katika kila gramu 100. Maziwa yenyewe huwa na gramu 5 hivi. Zikifika 12, nyingi ya zile saba za juu zimeongezwa kiwandani. Mtindi wa kawaida hauna kesi.

Tano, na hapa usifanye haraka, kagua uji wa lishe. Mahindi, karanga, soya, mchele na ulezi vikishasagwa pamoja, hakuna jicho litakaloiona punje iliyooza. Mahindi na karanga zilizohifadhiwa na unyevu huota fangasi wanaotengeneza sumukuvu, sumu inayoharibu ini na kusababisha saratani. Kuchemsha uji hakuiondoi. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, mahindi yenye sumu hiyo yaliua watu 125. Mama anayeupika uji huo anampenda mwanawe, ndiyo maana anastahili kuambiwa ukweli. Nunua nafaka na karanga zikiwa nzima. Zimwage kwenye ungo mchana, palipo na mwanga, utoe zilizosinyaa, zilizobadilika rangi na zenye ukungu. Hizo usimpe hata kuku. Zilizobaki hakikisha zimekauka vizuri, saga kidogo kidogo, hifadhi pakavu. Sukari unayomtilia mtoto, acha kuitia. Ladha anajifunza kutoka kwako.

Wahenga walishamaliza: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mchicha, maharage, dagaa, mapapai na viazi vitamu vimelala sokoni bila tangazo hata moja, na vingi vinauzwa kwa bei ya chini kuliko pakiti zinazotuahidi afya. Kisukari na shinikizo la damu vinazimaliza akiba za familia zetu, na dawa zake ni za maisha. Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukienda kununua chakula wiki hii, jaza kikapu kwanza na visivyo na lebo. Vyenye lebo, visome mpaka mwisho kabla hujatoa pesa.