Tenda ya Lambo

Fisi alipopewa tenda ya kujenga lambo la kijiji, hakuna aliyeshangaa isipokuwa Swala, ambaye bei yake ilikuwa ya chini na lambo alilolijenga zamani bado lina maji. Usiku wa kuamkia kufunguliwa kwa zabuni, paja la mbuzi lilionekana likipanda mti wa Kima, karani wa ununuzi. Paja halipandi mti peke yake, ila hilo halikuandikwa popote.

Mvua ya kwanza ililijaza lambo. Ya pili ikalikuta kavu. Mzee Kobe akateremka, akakwangua ukuta kwa ukucha. Simenti ikamwagika kama unga wa muhogo. Akaionja: majivu.

Baraza likaketi. Kusoma adhabu akapewa Bundi, maana husemwa akilia yeye paani, nyumba hiyo haikosi msiba. Sheria yenyewe waliinakili Kenya, ile ya ununuzi wa umma ya mwaka 2015: mtu binafsi, faini isiyozidi shilingi milioni 4, au kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote viwili; kampuni, faini isiyozidi milioni 10, tena kufungiwa tenda kwa muda usiopungua miaka 3. Kulikuwa na ukurasa wa makarani pia, lakini kukawa kumepambazuka, na mchana Bundi hulala.

Fisi alilia, na fisi akilia utadhani anacheka. Moyoni alikuwa akipiga hesabu. Lambo alilipwa milioni 60. Neno "isiyozidi" lilimpendeza mno. Jela haikumtisha, kwani aliyesaini ni kampuni yake, na kampuni haina mikono ya kutiwa pingu. Kilichomkera ni ile miaka 3 tu.

Akalipa. Jina lake likabandikwa mbuyuni kwa herufi kubwa, kijiji kikapiga vigelegele. Hata mimi nilipiga.

Haukupita muda, ikatangazwa tenda ya kukarabati lambo. Akajitokeza Kingugwa na Wanawe, kampuni ya wiki 2, anwani yake pango lile lile. Bahasha ilikuwa na doa la mafuta pembeni.

Mzee Kobe akaigeuzageuza. "Mjukuu wangu, Kingugwa si ndiye fisi?"

Kima akapitisha kidole kwenye orodha ya waliofungiwa, toka juu hadi chini, bila haraka. "Babu, hapa pameandikwa Fisi. Kingugwa hayumo." Akaupulizia muhuri pumzi. "Na kamusi si nyaraka ya zabuni."