Daraja la Tano

Hapo kale, wanyama walipokuwa na serikali na samaki walikuwa raia wasio na kura, Simba aliamuru kila mtoto katika milki yake ajue kuogelea, bila ada, na ndipo pimbi na digidigi wa milima ya Umatengo walipowateremsha watoto wao makundi kwa makundi hadi Liuli, kwenye ufuko wa Ziwa Nyasa, wakafunzwe na fisi maji.

Mwalimu mmoja alibeba watoto mia na ushei, lakini kazi aliifanya. Alfajiri, kabla upepo haujaamka, fisi maji mkongwe kuliko wote alikuwa akimshika mtoto kidevu kwa kiganja, akiisikiliza pumzi yake. Akiisikia inakatika kabla ya wimbi la tatu, alimrudisha kwenye maji ya goti, na mwakani akaanza naye palepale.

Korongo, karani wa mfalme, ambaye kwa urefu wa miguu yake hajapata kulowa zaidi ya magoti, aliona kurudisha watoto nyuma kunalichafua daftari. Akaleta mtihani wa aina yake: watoto wapangwe juu ya mwamba mkavu, kila mmoja awekewe kokoto kadhaa, naye aokote ile yenye jibu. Mwogeleaji hupiga maji kwa mkono, kwa sikio, au kwa mkia? Hata hesabu ya mawimbi ilijibiwa kwa kokoto. Vidole vyenye bahati vikafaulu, vikapandishwa kwenye maji ya kina, na huko mwalimu aliyewapokea akakuta wamo wasiojua hata kubana pumzi. Alipouliza awafanyeje, aliambiwa ajaze fomu.

Ikawadia siku ya kuvuka hadi Jiwe la Pomonda. Sita katika kila kumi walizama, na fisi maji wakakesha wakiwavuta kwa ukosi, mmoja mmoja, hadi mchangani. Asubuhi walimu wakapokea barua za kujieleza.

Simba akaunda tume. Tume ikateremka, ikala mbasa wa kukaanga, ikalitazama ziwa kwa muda wa kutosha posho, kisha ikapendekeza matokeo yafutwe na kupangwa upya. Yakapangwa. Aliyezama kichwa mkia ukabaki juu akahesabiwa kuwa amevuka. Walisalia wengi ambao hata mkia haukuonekana, na kwa ajili yao Korongo akabuni jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka sijui nicheke au nilie: kuzama kusiitwe tena kuzama, kuitwe kuogelea kwa daraja la tano. Kicheko kilisikika mpaka Lituhi, na amri ile ikaondolewa kimyakimya.

Mwishowe mtu alikumbuka kwamba walimu hawajaulizwa. Fisi maji mkongwe akaitwa barazani, akapewa dakika mbili.

“Mimi ninacho kidevu cha mtoto mkononi mwaka mzima,” alisema, “nanyi mnamtazama siku moja kwa darubini. Nipunguzieni watoto, na nikisema huyu bado, niaminini. Ila nina swali, Mheshimiwa Karani: watoto wa mfalme walipata daraja gani?”

Korongo akafunua daftari, akalifunga.

“Hawamo humu. Wanasoma ziwa jingine, kule ambako anayezama huambiwa amezama.”