Chungu cha Babu Kobe

Tembo alipochimba kisima Mbuyuni, maji yalipandishwa kwa pampu hadi kwenye tangi la mlimani, yakateremka kwa mabomba mpaka kwenye koki nne. Hakuna aliyetembea zaidi ya mita 400, na koki moja haikuhudumia zaidi ya wanyama 250. Ndivyo Sera ya Maji ya Tanzania ya mwaka 2002 ilivyotaka kwa watu wa vijijini. Tembo akaagwa kwa ngoma, akaenda zake.

Kila aliyejaza ndoo ya lita 20 alitia kauri moja katika chungu cha Babu Kobe, mtunza koki. Katika kila kauri kumi, sita zilinunua dizeli, moja ilikuwa ujira wa Kobe, na tatu hazikuguswa: zilingoja siku pampu itakapougua.

Fisi, mwenyekiti wa kamati ya maji, akasema fedha za umma hazilazwi kwa mzee mmoja. Akahamishia chungu kwake. Mwezi huo kamati ilikaa vikao saba, kila kikao na posho yake. Hakuna aliyeuliza. Maji yakiwa yanatoka, nani huuliza hesabu? Hapo ndipo miradi mingi ya maji inapoanza kufa, koki zikiwa bado zinabubujika.

Masika yalipokwisha, mpira wa kuzibia ndani ya pampu ukalika. Ulikuwa mdogo kuliko sikio la Sungura. Fundi Ngedere akaomba kauri kumi na mbili akaununue. Chungu kikafunuliwa, akatoka buibui.

Punda akaanza kuleta maji ya mtoni kwa mkokoteni, kauri tano kwa dumu. Simlaumu Punda, mabega yake yalichubuka kwa kazi ile. Mkokoteni ulikuwa wa Fisi.

Mama Swala hakuwa na kauri tano. Alikwenda mtoni alfajiri na pacha wake wawili, akarudi jua la utosini na mtoto mmoja. Ndoo ilikuwa imejaa. Mji mzima ulimwona akipita, na hakuna aliyepata la kumwambia.

Jioni ile Kobe aliwaita wote mbuyuni. Kwenye gome alikuwa amechora alama kwa kila kauri iliyopita mikononi mwake, tangu ndoo ya kwanza. Walihesabu hadi mwezi ukatua. Fisi alituma salamu kwamba ana homa.

Kesho yake mkokoteni ukauzwa, mpira ukanunuliwa, na Ngedere akafunga pampu kabla ya giza. Chungu kikarudi kwa Kobe, kwenye koki.

Asubuhi iliyofuata Mama Swala alikuwa wa kwanza kwenye foleni. Akatia kauri yake, akajaza ndoo, akajitwika. Lakini hakuondoka.

“Babu Kobe,” alisema, “nihesabie. Zimo ngapi?”