Kila Kitu Juu ya Kabati: Mwongozo kwa Wazazi Wasiojua Linalokuja

Hongera kwa mtoto. Mwongozo huu ni wa wapangaji wa chumba na sebule ambao bado wanaamini kwamba vitu vya ndani ni vyao.

Mwezi 1 hadi 3. Mtoto amelala, hafiki popote. Msidanganyike. Sheria ya kazi ya Tanzania inampa mama likizo ya siku 84 na baba siku 3. Baba, zitumie zako kutafuta kabati refu.

Mwezi wa 6. Uji wa lishe unaanza. Kabla ya hapo ni maziwa ya mama tu, hata maji hapana. Mama mkwe atauliza kama hao wataalamu wa kliniki wamewahi kuzaa. Jibu sahihi ni “Shikamoo, mama.” Lakini jirani akidai mtoto ana “meno ya plastiki” na yang'olewe, adabu iwekwe pembeni: hayo ni meno yake halali, yanajiotea.

Mwezi wa 8 hadi 10. Anatambaa. Ataipita midoli yote aliyonunuliwa, anyooke moja kwa moja kwenye ndala za mgeni, kisha waya wa chaja. Rimoti ipande juu ya kabati. Jiko la mkaa likae asikofika kabisa. Hapo hakuna utani. Chanjo ya surua na rubela ni mwezi wa 9, kwa hiyo kadi ya kliniki nayo ipande mapema, la sivyo muuguzi ataipokea ina alama za meno.

Mwaka 1. Anasimama dede. Nyumba nzima itapiga makofi, “Dede! Dede!”, ikimshangilia mtu anayekitazama kitambaa cha meza. Chupa ya chai ipande. Miwani ya babu ipande. Babu ataitafuta, na hataambiwa iliko, maana kila mtu ameshasahau.

Mwaka 1 na nusu. Amejua kupanda kiti. Toeni viti nje. Wageni wakaribishwe mkekani na waambiwe ndiyo desturi ya nyumba. Chanjo ya pili ya surua ni sasa, nayo kadi iko chini ya pasi, sukari, dawa na simu mbili.

Siku akigundua kwamba hata ndoo ikifudikizwa hupandwa, mwongozo huu umefika mwisho. Juu ya kabati kumebaki dari, na dari ni ya mwenye nyumba.