Mbolea ya Bure na Gharama Zake

Mbolea ya bure, katika miteremko ya mashariki ya Mlima Kenya, ni ile ambayo mkulima hainunui dukani bali huitengeneza kwa kuokotaokota. Hupata wafuasi wengi Embu, Chuka na Nkubu kila bei inapopanda, kama mwaka wa 2022, mfuko wa kilo 50 ulipopita shilingi 6,000 kabla ya ruzuku ya serikali kuushusha hadi 3,500. Malighafi yake haina bei. Ina wenyewe tu.

Inayosifiwa zaidi ni tithonia, yaani alizeti mwitu, kichaka cha maua ya manjano kilichotoka Meksiko na Amerika ya Kati. Majani yake yakikauka huwa na naitrojeni ya asilimia 3.5 hivi na potasiamu ya asilimia 4, tena huoza upesi. Watafiti waliyajaribu mashambani Chuka miaka ya 2000, na mahindi yakanawiri. Taabu ni kwamba tithonia hupandwa mpakani kama ua. Anayeikata asubuhi huhesabu amevuna mbolea. Ifikapo jioni, jirani huhesabu amebomolewa ua, na mbuzi aliyekuwa hana njia sasa anayo.

Nyingine ni samadi, maganda ya kahawa, majani ya grevilea, na majani ya mgomba ambayo miraa ya mji wa Maua hufungiwa. Takataka hizi hazina thamani mpaka mtu ainame kuziokota. Mwenye maganda, aliyekuwa jana akitafuta wa kumwondolea, leo huuliza gunia litalipiwa ngapi.

Biwi la mboji hupangwa kwa tabaka: matawi makavu chini, kisha majani makavu, majani mabichi, samadi na udongo kidogo, kila tabaka likinyunyiziwa maji. Likifanya kazi vizuri, kitovu chake hufika nyuzi 55 hadi 65 za Selsiasi, joto linaloua mbegu za magugu. Kipimo ni kijiti kirefu kilichochomekwa katikati. Kikichomolewa kina joto na unyevu, mambo ni shwari. Kikiwa baridi, biwi limelala na lapaswa kupinduliwa. Kijiti hiki huchomolewa pia na yeyote anayetaka kufungia ndama. Kuku nao hawaamini tabaka: biwi lililopangwa kutwa nzima hulifumua kwa saa moja wakitafuta wadudu.

Jivu huongeza potasiamu, ila likirundikwa juu ya samadi mbichi hufukuza naitrojeni ikawa amonia. Harufu inayowasha pua ni mbolea ikiaga. Majani ya grevilea ni magumu, na miezi kadhaa baadaye bado hutambulika kwa sura. Pale joto lisipofika, mbegu za boga zilizotupwa na maganda ya jikoni huota juu ya biwi, na mara nyingi boga hilo lisilopandwa na mtu hushinda kila kilichopandwa.

Mbolea ya maji hutengenezwa kwa kukatakata tithonia, kuitia guniani, kulitumbukiza gunia katika pipa la maji na kufunika. Hukorogwa kila baada ya siku chache, na baada ya wiki mbili huongezewa maji mpaka ifanane na strungi, yaani chai isiyo na maziwa. Kwa kuwa huoza bila hewa ya kutosha, hunuka vikali. Kila mtu huweka pipa mbali kabisa na nyumba yake, na katika vishamba vyembamba vya Embu, mbali kabisa na nyumba yake ni nyuma ya jikoni ya jirani. Anayekoroga Jumamosi asipange kukaa kiti cha mbele kanisani Jumapili.

Mboji hutiwa shimoni, viganja viwili kwa shimo, kabla ya mvua za Machi au za Oktoba. Huhitaji miezi mitatu hivi kuiva, kwa hiyo ya Oktoba huanzwa Julai. Wengi huanza wanapoona wingu, na mboji yao huwa tayari Januari, jua likiwaka. Ambayo haijaiva huunguza miche. Ya maji humwagwa shinani, si juu ya majani. Na kwa kuwa tithonia ina fosforasi kidogo, mahindi bado huongezewa mbolea ya dukani, ingawa si nyingi kama awali.